Mstari Chini ya Jina la Tisa

Landi ya reli, Nakuru
Jumatatu, 10 Machi 1958

Nimejiandikisha. Nimekandamiza kalamu mpaka wino umedondokea sketi ya kanisani, na mama akiona leo patachimbika. Ni mtihani wa makarani wa serikali, utafanywa tarehe kumi na tisa Aprili, na safari hii wasichana pia tumeruhusiwa kuketi. Kwenye foleni tulikuwa wasichana watatu tu: mimi Nabalayo, Anyango wa chumba cha pili kutoka chetu hapa landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na Wawira tunayeimba naye kwaya, ambaye baba yake anakamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu huko Lanet. Wavulana walitutazama kama mbuzi waliopotea wakaingia posta.

Nitaandika sababu yangu hapa mwanzoni ili nisijidanganye baadaye. Wiki iliyopita msimamizi wa landi alikuja akamwambia baba kwamba nyumba za reli ni za mfanyakazi, mke wake na watoto wadogo, si za watu wazima wasio na kazi. Mimi nina miaka ishirini. Nimepewa mpaka mwisho wa Julai nipate kazi hapa mjini, la sivyo nirudi rizavu, kwenye ardhi ya kabila letu, Kimilili, nikapalilie mahindi ya nyanya yangu. Sina ugomvi na mahindi. Ila nimekulia hapa, nalala kwa mlio wa injini, na Kimilili nikienda siku tatu naanza kuhesabu mabati ya paa kwa kuchoka. Sitaki kuondoka Nakuru. Nimemaliza.

14 Machi

Vumbi la ziwani limeingia mpaka kwenye ugali. Hesabu za riba, kurasa mbili. Baba amerudi na grisi ya mabehewa masikioni, akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia riba. Akasema kwa heshima kubwa, "Hiyo riba waachie wenye pesa kwanza, soma Kingereza."

23 Machi, Jumapili

Tumesoma baada ya ibada, sisi watatu, kwenye benchi nyuma ya kanisa. Wawira ni hodari wa Kingereza kuliko mwalimu wangu yeyote. Mimi ndiye mwenye hesabu. Anyango ni hodari wa kutuchekesha, na nimemwambia hilo halina karatasi yake, akanirushia kiatu.

Saa kumi na nusu Wawira alilazimika kuondoka. Watu wa kabila lake hawatembei bila pasi katika hali hii ya hatari, na pasi yake ya Jumapili ni ya kanisani tu, kwenda na kurudi. Akikutwa barabarani jua limetua, ni kituoni moja kwa moja. Yeye huinuka bila kulalamika, anakunja karatasi zake, anaaga. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshapiga mtu.

30 Machi

Kila mtu hapa landi amekuwa mkaguzi wa elimu. Ukienda mferejini: hamsini. Ukienda kununua mkaa: hamsini. "Binti Joash, pata hamsini tu, umepita, kwisha." Hata mama anaomba hivyo kabla ya chakula. Leo aliomba, "Baba, mpe hamsini, na moja ya kushukuru." Nilicheka nikiwa nimefumba macho, na kaka yangu mdogo akanishtaki.

4 Aprili

Mvua. Hatimaye. Watoto wote nje uchi.

19 Aprili, Jumamosi

Nimefanya. Nimefanya, nimefanya.

Sikujua dunia ina watu wengi hivyo wanaotaka kuwa karani. Ukumbi ulijaa, wengine wakaketishwa varandani, mvua ikiwarushia karatasi. Wametoka Molo, Naivasha, Gilgil, mpaka Mai Mahiu. Mbele yangu aliketi kijana mrefu aitwaye Kipkemei, kutoka Kuresoi. Viatu vyake vilikuwa na udongo wa shamba la viazi mpaka kwenye kamba. Alisema ametembea mpaka Molo gizani ili kupanda gari la moshi. Alikuwa anakohoa, akaniomba radhi kila alipokohoa, na mara ya tatu nikamwambia akohoe tu, nami nitajibu maswali.

Kabla hatujaanza aliinua mkono akauliza, "Bwana, iko nafasi ngapi?"

Msimamizi wa mtihani akasema, "Tisa."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Mtu mmoja nyuma akamwambia, "Wewe pita kwanza, mambo ya nafasi utaulizia ndani." Kipkemei akakaa, akaanza kuchonga penseli.

Hesabu ilikuwa maziwa matupu. Kingereza kilinichuna ngozi kidogo. Lakini hamsini ninayo, naijua ninayo, naihisi kwenye magoti.

3 Mei

Mvua. Hakuna habari. Nimegombana na mama kuhusu sufuria.

12 Mei, Jumatatu

SITINI NA MOJA.

Karatasi imeletwa posta, ina jina langu na alama zangu, hakuna neno jingine. Nilikimbia kutoka posta mpaka karakana ya reli, tope mpaka magotini, nikamkuta baba chini ya behewa. Nilimwambia zile alama akiwa huko huko chini. Kisha sauti ikatoka chini ya magurudumu: "Rudia."

Nikarudia.

"Kumi na moja juu ya hamsini," akasema, na alipotoka alikuwa anafuta macho kwa kile kitambaa cha grisi, jambo ambalo halikumsaidia.

Wawira amepata sitini na nne. Anyango arobaini na tisa. Nilikwenda kwake nikamkuta amejifunika blanketi mpaka kichwani. Akasema kutoka ndani, "Moja tu, Nabalayo. Ningeandika hata jina langu vizuri zaidi."

17 Mei, Jumamosi

Kuku wawili wamechinjwa, na majirani wamekuja na viti vyao. Mchungaji ameomba. Halafu baba akafanya jambo ambalo litasimuliwa hapa landi mpaka reli iote kutu. Alichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya baba mwenye nyumba na mwanamke hata hainusi, akaiweka kwenye sahani yangu. Akasema mbele ya watu wote, "Huyu sasa ni karani wa serikali. Kula."

Wazee wawili walikohoa. Shangazi aliyekuja kutoka Kitale aliacha kutafuna. Nikaila. Ni ngumu na haina utamu wowote, na ni chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula maishani.

26 Mei, Jumatatu

Simo.

27 Mei, Jumanne

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika mpaka mkono ufe.

Majina ya watakaoajiriwa yalibandikwa jana nje ya ofisi ya karani mkuu. Majina tisa, na chini ya la tisa mstari mwekundu, na pembeni ya mstari: 66. Jina la tisa ni Kipkemei, yule wa Kuresoi. Simo mimi, na Wawira hayumo. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina langu lilikuwa limejificha likingoja nigeuke.

Nilirudi nyumbani nikasema. Shangazi wa Kitale akatazama sahani zilizopangwa. Baba alivaa koti lake la harusi. "Wamekula hongo," akasema. "Mtoto wangu amepita hamsini na kumi na moja juu. Nani amenyang'anya?"

Kwa hiyo leo tumekwenda, baba na mimi, kwa karani mkuu. Anaitwa Bwana Hiram, mtu mwembamba mwenye tai na sauti kavu, asiyeinua macho mpaka amalize mstari anaouandika. Baba aliongea kwa muda mrefu. Alitaja miaka yake yote ya reli. Alitaja firigisi. Nilitamani sakafu inimeze.

Bwana Hiram akaweka kalamu chini. "Mzee Joash, nani alikuambia hamsini?"

"Kila mtu anajua hamsini."

"Hiyo ni ya shule. Shule inatafuta nani amejua. Mimi natafuta makarani tisa. Nimepanga alama kutoka juu, nimehesabu watu tisa, nimechora mstari. Mtu wa tisa alikuwa na sitini na sita. Basi."

"Kwa hiyo hii mstari haikuwako siku ya mtihani?"

"Haukuwako. Nyinyi wenyewe mmeuleta."

Baba alifikiri mpaka nikaona mishipa ya paji lake la uso. "Na kama wangekuja wajinga tupu, mwenye arobaini angeingia?"

"Angeingia."

"Na kama wangekuja mabingwa tupu, mwenye themanini angebaki nje?"

"Angebaki nje, mzee. Na angekuja hapa na baba yake."

Nilicheka. Sikukusudia. Bwana Hiram akanitazama kwa mara ya kwanza, na nadhani karibu acheke yeye pia. Akafungua karatasi zake akasema mimi ni wa kumi na mbili. Wa kumi ni Wawira, mwenye sitini na nne. Wa kumi na moja ni kijana mmoja wa Naivasha anayeitwa Nderitu, mwenye sitini na tatu. Halafu mimi. Siku ya kuripoti ni Jumatatu tarehe thelathini Juni. Mtu akijitoa au asipofika, mstari unashuka kwa anayefuata.

"Unashuka?" nikauliza.

"Unashuka. Haujachorwa kwenye jiwe."

Baba alitoka hapo koti limelowa jasho. Alipofika kwenye reli akasimama. "Basi tumekula kuku ya bure," akasema, akaanza kucheka kwa uchungu, nami nikacheka naye, tukacheka mpaka mpiga bendera akatushangaa. Lakini mimi tayari nilikuwa na moto kifuani. Watu watatu tu. Wakiondoka watatu, naingia.

29 Mei

Nimekuwa mwalimu wa mstari. Mferejini nimewaeleza wanawake habari yote, na hakuna aliyeelewa ila mama. Mama akasema, "Ni kama hapa tu. Maji yakikatwa, aliyebaki kwenye foleni si mchafu. Maji ndiyo yameisha." Wote wakaelewa mara moja, na mimi mwenye maneno mengi nikaonekana sina maana.

Anyango ameuliza yeye ni wa ngapi. Nikasema sijui, labda wa arobaini. Akasema, "Kumbe sikukosa kwa moja." Amefurahi kweli, ameanza kuimba tena. Anatafuta kazi kiwanda cha blanketi.

8 Juni

Habari, habari, habari. Mtu wa nne kwenye majina, kijana wa Gilgil, amechukuliwa chuo cha ualimu. Amejitoa. Mstari umeshuka mpaka sitini na nne: Wawira ameingia. Tuliruka kwenye kwaya mpaka kiongozi akatufukuza wote wawili. Wamebaki wawili.

11 Juni

Mvua ya mawe. Mboga za mama zimekwisha.

16 Juni

Mwingine ameondoka. Mjomba wake amempatia kazi Nairobi. Mstari uko sitini na tatu, Nderitu ameingia. Sasa chini ya mstari mtu wa kwanza ni mimi. Silali vizuri, nakula nimesimama, nikisikia kengele ya baiskeli naruka.

Nitaandika na hili. Nimejikuta namwuliza kila mtu habari za wale waliomo. Nani mgonjwa, nani ana mjomba. Jana niliona gari la polisi limemsimamisha mtu, nikawaza, labda ni mmoja wao. Halafu nikaona aibu. Ila sikuacha kutazama.

22 Juni

Msimamizi wa landi amepita tena, hakuuliza kitu, amehesabu vitanda tu.

29 Juni, Jumapili

Wawira alinivuta nyuma ya kanisa, pale tulipokuwa tukisomea. Pasi yake ya kufanya kazi mjini haijatoka. Wamemwambia Jumatano. Kesho Jumatatu ndiyo siku ya kuripoti, na bila pasi hawezi kuvuka kizuizi cha Lanet. Leo ofisi imefungwa. Ameuliza, na kanuni ni hii: asiyefika mpaka saa sita anafutwa, lakini aliyetuma mtu kutoa sababu anangojewa mpaka Jumatano. Mchungaji amesafiri. Baba yake haruhusiwi kutoka shambani.

"Enda kwa Bwana Hiram kesho, umwambie," akasema.

Akanishika mkono.

"Najua ni wewe uko chini yangu, Nabalayo. Nimefikiria usiku wote. Sina mtu mwingine wa kutuma."

Nikasema sawa. Nilisema haraka ili asione uso wangu. Akaondoka kuwahi kizuizi, na mimi nikabaki kwenye benchi nikiwa na hasira naye ambayo siwezi kuieleza. Angemtuma mtu yeyote. Angemtuma paka.

Nimemweleza mama peke yake. Alikuwa anachambua maharagwe. "Nifanye nini?" nikamwuliza.

"Mimi sitakuambia," akasema. "Nikikuambia, itakuwa ni mimi nimeamua, na wewe utaninunia mpaka uzeeke." Akaendelea na maharagwe.

30 Juni, Jumatatu

Mvua ilianza alfajiri, mvua ya kweli, barabara yote imekuwa mto. Nilifurahi kuiona. Mtu hawezi kulaumiwa kwa mvua kama hii. Nilitoka hata hivyo, nikafika mpaka varanda ya duka la Mhindi wa vitambaa, nikasimama hapo kujikinga. Nikasimama sana. Mvua ikapungua, nami bado nimesimama, natazama khanga dirishani kama nina hela. Nilikuwa nataka saa sita ipite. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka Nakuru, nilitaka meza na kalamu na baba avae koti lake, na ilikuwa kazi rahisi kabisa, kazi ya kusimama tu.

Mwenye duka akaniuliza, "Wewe iko ngoja nani?"

Nikaondoka. Nilianza kutembea kisha nikakimbia, maana nilijua nikitembea nitasimama tena kwenye varanda inayofuata.

Bwana Hiram alikuwa na saa yake mezani. Nilimweleza, nahema, maji yakinitiririka kwenye sakafu yake: Wawira, pasi, kizuizi, Jumatano. Akachukua kalamu.

"Na aliyeleta habari ni nani kwake? Ndugu?"

"Hapana."

"Jirani?"

"Hapana, bwana. Mimi ndiye wa kumi na mbili."

Kalamu ikasimama. Alinitazama muda mrefu, kisha akaandika, akapiga muhuri. "Atangojewa," akasema. "Nenda ukabadilishe nguo."

Nyumbani baba akauliza mstari umefika wapi. Nikamwambia umesimama palepale, na aliyeusimamisha ni mimi. Nikamweleza yote, hata varanda ya Mhindi. Nilingoja anigombeze. Akaanza kuvua viatu vyake.

"Ungenyamaza," akasema mwishowe, "mimi ningevaa koti, ningezunguka landi yote nikijisifu, na wewe ungenitazama tu." Halafu akaenda kuoga. Nimelia, halafu nimekula viazi vingi sana.

2 Julai, Jumatano

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimsindikiza Wawira. Pasi ilitoka kweli. Alishindwa kufunga kifungo cha kola, nikamfungia. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nitafika mlangoni, nitamsukuma ndani, nitageuka bila kutazama nyuma, kisha nitakwenda kiwanda cha blanketi kuuliza kama Anyango amenibakizia kazi. Mlango ulikuwa wazi. Waliokuwa ndani walikuwa wameketi kwenye viti vilivyopangwa ukutani, wote wamenyooka kama bibi harusi. Daktari alikuwa anawapima mmoja mmoja kwenye chumba cha pembeni, tangu saa mbili. Wawira akapimwa, akatoka anatabasamu, akaketi. Nikageuka.

"Wa kumi na mbili," sauti kavu ikaita. "Yule wa kumi na mbili bado yuko hapo?"

Nilidhani nimesahau kitu. Bwana Hiram alikuwa amesimama mlangoni ameshika karatasi. "Mstari umeshuka," akasema. "Sitini na moja. Ingia upimwe."

Sikuelewa. Niliwaza, nani tena, wote wamefika. Daktari akasikiliza kifua changu, akanitazama macho na ulimi, akaandika, akasema ndiyo. Nilikuwa tayari nataka kupiga kigelegele. Nilipotoka, miguu haigusi sakafu, nikamwona Kipkemei anainuka kutoka kiti cha mwisho ukutani. Ameshika kofia yake na bahasha ya hospitali.

Kifua kikuu. Daktari amesema anakwenda wodini leo leo, miezi sita, labda zaidi, halafu atapona.

Nilisimama mbele yake. Furaha yote ilikuwa bado imenijaa mwilini na sikujua niiweke wapi. Majira yote haya nilikuwa namtaka mtu wa tatu aondoke, nikamtafuta kila pembe ya mji, na sikuwahi kumpa uso. Sasa alikuwa hapa, mrefu, viatu amevipiga rangi nzuri kwa ajili ya kazi.

"Kipkemei," nikasema. "Mimi..."

"Sitini na moja?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Si mbaya," akasema. Akakohoa, akageukia ukutani ili asinikoholee, akaniomba radhi. Kisha akasogeza kile kiti kidogo kuelekea kwangu kwa mguu wake. "Kaa, dada. Kaa haraka, kabla hawajahesabu tena."

Akavaa kofia, akatoka. Wawira akapapasa mkono wangu. Nikaketi. Kiti kilikuwa bado na joto lake.